Malengo ya Muda Mrefu na ya Muda Mfupi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kujitengenezea utaratibu wake mwenyewe wa kupanga maisha: fundi, mfanyabiashara mdogo, mwalimu, kijana aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi. Yote yamesimama juu ya jambo moja ninaloliamini sana. Orodha ya malengo peke yake haimfikishi mtu popote. Kinachomfikisha ni kuwa na siku maalumu ya kukaa na orodha hiyo, kila wiki na kila mwezi, na kuihoji.

Lengo la muda mrefu ni la miaka mingapi, na la muda mfupi ni lipi?

Hakuna sheria. Kwa watu wengi la muda mrefu ni la miaka mitatu hadi kumi: kumaliza nyumba, kumsomesha mtoto mpaka chuo, kupata shahada. La kati ni la mwaka mmoja. La muda mfupi ni la miezi mitatu kushuka chini, na ndilo linalogeuka kuwa kazi ya wiki hii.

Nchi zetu nazo hupanga hivyo hivyo. Kenya ina Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, na inaitekeleza kwa vipande vya miaka mitano mitano. Tanzania ilikuwa na Dira ya Maendeleo 2025 na sasa ina Dira 2050. Chini ya dira kuna mipango ya miaka mitano, na chini ya mipango kuna bajeti ya kila mwaka inayoanza Julai Mosi. Kila ngazi inaitumikia ile iliyo juu yake. Kama jambo unalolifanya wiki hii huwezi kulihusisha na lengo lako lolote la mwaka, hiyo ni shughuli tu. Shughuli si dhambi, ila usiihesabu kuwa ni hatua.

Niwe na malengo mangapi?

Machache kuliko unavyotaka. Mwaka 1969, alipouelezea Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mbele ya chama chake cha TANU, Mwalimu Nyerere alisema kupanga ni kuchagua. Watu wanaikumbuka kauli hiyo na kuirudia mikutanoni, lakini wanapofika kwenye daftari zao wanaandika mambo kumi na mawili: kujenga, kusoma, kupunguza uzito, kufuga kuku, kujifunza Kiingereza, kununua pikipiki. Hapo hawajachagua chochote.

Pendekezo langu ni malengo matatu ya muda mrefu, na kwa kila robo mwaka uchague mawili tu ya kuyasukuma kwa nguvu. La tatu lisimame mahali lilipo, lisirudi nyuma, basi. Yaliyobaki yaandike ukurasa wa mwisho wa daftari kwa kichwa "Bado". Hujayatupa. Yanasubiri zamu yao, na utayakuta hapo siku ya ukaguzi wa robo mwaka.

Nianze na lengo kubwa nishuke, au nianze na madogo nipande?

Anza na kubwa, lakini usikae huko muda mrefu. Andika sentensi moja inayoonesha hali utakayokuwa nayo na mwezi utakapokuwa nayo: "Kufikia Desemba ya mwaka kesho nina fremu yangu, chumba cha biashara cha kushonea." Kisha rudi nyuma hatua kwa hatua kwa kujiuliza: kabla ya hili litokee, ni lazima kitu gani kiwe kimeshafanyika? Endelea hivyo mpaka ufike kwenye kitu unachoweza kukifanya kabla ya Jumamosi. Anayejenga hulijua hili bila kufundishwa. Kabla ya bati kuna kenchi, kabla ya kenchi kuna linta, kabla ya linta kuna tofali na msingi, na kabla ya vyote kuna hati za kiwanja zisizo na mgogoro.

Kuna jambo moja la kutazama kabla ya yote, nalo ni deni. Kama unadaiwa kwenye mikopo ile ya kausha damu, yenye marejesho ya kila wiki, lengo lako la kwanza limeshajichagua. Ukiweka akiba huku riba inakula kwa upande mwingine, unahamisha tu hasara yako.

Kipato changu hakitabiriki. Leo napata, kesho sipati. Nitapangaje?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, maana vitabu vingi vya kupanga malengo vimeandikwa kwa ajili ya watu wenye mshahara wa kila mwezi. Wengi wetu hatuko hivyo. Mkulima wa pwani ana masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mvuvi ana bamvua na maji mafu. Dereva wa bodaboda anajua wiki ya mwisho wa mwezi ikoje. Kipato chetu kinapanda na kushuka, lakini si kwa kubahatisha. Kina misimu, na misimu inapangika.

Tumchukue fundi cherehani wa Morogoro anayefanya kazi kwenye kibaraza cha duka la mtu. Anataka fremu yake. Tuseme mashine ya ovaloki ni shilingi 900,000, kodi ya fremu ni 80,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani 480,000, na vitambaa vya kuanzia ni 420,000. Jumla ni 1,800,000. Ana miezi 18, kuanzia Julai hii hadi Desemba ya mwaka kesho. Akigawanya sawasawa anapata 100,000 kila mwezi. Mwezi wa pili tu atashindwa, atajiona hafai, na mpango utaishia hapo.

Sasa aiangalie kalenda yake. Desemba na Januari ni sare za shule. Mwezi wa Ramadhani ni nguo za Idd, na huo akumbuke kuwa huwahi kwa takribani siku 11 kila mwaka, kwa hiyo asiupange kwa kukariri mwezi wa mwaka jana. Ndani ya miezi yake 18 ana Desemba mbili, Januari moja na msimu mmoja wa Idd el-Fitr: miezi minne mizuri. Akiweka 240,000 kwa kila mwezi mzuri anapata 960,000. Miezi 14 iliyobaki akiweka 60,000 anapata 840,000. Jumla ni ile ile 1,800,000, lakini mpango huu unafuata mwendo wa kazi yake. Mwezi wa Agosti, mteja anapokuwa mmoja kwa siku, anadaiwa 15,000 kwa wiki tu, na akiipata amelala na amani.

Faida nyingine ni kwamba anajua mapema hatari iko wapi. Januari pesa itaingia, na Januari hiyo hiyo ada na madaftari ya watoto vitaidai. Kama hakutenga fungu la ada kuanzia Septemba, Januari haitakuwa mwezi mzuri hata akishona usiku kucha.

Pesa ya lengo niiweke wapi?

Mahali ambapo kuitoa kunahitaji jitihada kidogo. Kibubu kinafaa kwa fedha ndogo za kila siku. Kikoba kinafaa kwa sababu wenzako watakuuliza. Mchezo wa kupeana pesa kwa zamu nao ni chombo kizuri cha malengo kama ukiomba zamu inayoangukia mwezi unaouhitaji: fundi wetu angeomba zamu ya mwezi wa kulipia fremu. Watu wengi hung'ang'ania zamu ya kwanza, wakipokea hawana cha kuifanyia, ikaisha.

Daftari au simu?

Kinachofunguliwa. Simu inakumbusha kwa mlio, lakini humo humo kuna WhatsApp na kila kitu. Mimi ni mtu wa daftari, lile la kaunta lenye jalada gumu, kwa sababu linahifadhi historia: ukigeuza kurasa unaona ulichoahidi mwezi Machi na huwezi kukifuta. Eliud Kipchoge, mwanariadha wa kwanza kukimbia umbali wa marathoni chini ya saa mbili, anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwa mkono kwenye madaftari, mwaka baada ya mwaka. Mtu mwenye uwezo wa kupata kila kifaa duniani bado anaandika kwa kalamu amekimbia kilomita ngapi na mwili umejisikiaje.

Je, ni kweli kwamba utafiti wa Yale ulithibitisha kuwa wanaoandika malengo hutajirika?

Si kweli. Hadithi hiyo husimuliwa sana kwenye semina: eti wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1953 waliulizwa, asilimia 3 tu walikuwa na malengo yaliyoandikwa, na miaka 20 baadaye hao asilimia 3 walikuwa na mali kuliko wengine wote wakijumlishwa. Utafiti huo haukuwahi kufanyika. Watu wameutafuta, na Yale wenyewe hawana kumbukumbu yake. Naomba sana wanaofundisha vijana waache kuutaja, maana kijana akigundua msingi ni uongo atatupa na yaliyo kweli.

Na ya kweli yapo. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham walilichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, wakakuta kwamba lengo mahususi na gumu huleta matokeo bora kuliko kumwambia mtu "jitahidi uwezavyo". Mfano maarufu ni wa madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, Marekani, uliochapishwa mwaka 1975. Walikuwa wakipakia takribani asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa kisheria. Walipopewa lengo la asilimia 94, baada ya miezi michache walifika takribani 90, bila nyongeza ya malipo. Zingatia kilichowezesha hilo: kila lori lilipimwa, kwa hiyo dereva aliyaona matokeo yake kila safari. Lengo bila kipimo lisingefanya kazi hiyo.

Locke na Latham walikuta pia kwamba jambo likiwa jipya kabisa kwako, lengo la kufikia kiasi fulani linaweza kukuvuruga. Kama hujawahi kufuga, usianze na "nipate laki tano kwa mwezi". Anza na lengo la kujifunza: kujua chanjo za kuku na tarehe zake, kujua soko la mayai la mtaa wako, kulea kuku wachache mpaka watage.

Ile kanuni ya SMART bado inafaa?

Inafaa kwa kusafisha sentensi. Ilitolewa na George Doran mwaka 1981, akiwaandikia mameneja: kila herufi ya neno hilo la Kiingereza inasimamia sifa moja ya lengo zuri, kama kuwa mahususi, kupimika na kuwa na muda. Baadaye watu waliibadilisha, na kilichopotea ndicho ninachokipenda zaidi: herufi ya katikati, A, kwake yeye ilihusu nani hasa amepewa jukumu. Nyumbani hili linaokoa ugomvi. "Tutalipa ada mapema" halina mwenyewe. "Baba Neema atalipa nusu ya ada kabla ya Desemba 15, mama Neema atamalizia nusu na sare" lina wenyewe wawili, kiasi na tarehe.

Ukaguzi wenyewe unafanywaje?

Hapa ndipo mfumo ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila wiki, dakika 20, siku ile ile na mahali pale pale. Wengi huchagua Jumapili jioni; kama Jumapili ni ya kanisa na wageni, chagua Ijumaa au Jumatatu alfajiri. Unajibu maswali matatu. Nilisema nitafanya nini? Kipi kimefanyika? Ambacho hakikufanyika, kimezuiwa na nini hasa? Halafu unaandika hatua moja, moja tu, kwa kila lengo la robo hii. Ukurasa wa fundi wetu unaweza kusomeka hivi:

*Jumapili. Lengo: fremu. Wiki iliyopita: kuweka 15,000. Nimeweka 10,000. Sababu: yule mteja wa suruali mbili amechukua nguo, amesema atatuma jioni, hajatuma. Wiki hii: Jumanne asubuhi nimpigie. Kuanzia kesho sikati kitambaa cha mtu bila nusu ya malipo.*

Tazama mstari wa mwisho. Shilingi 5,000 zilizopungua zimezaa kanuni mpya ya biashara, na kanuni hiyo ina thamani kuliko hizo 5,000. Angesema tu "wiki imekuwa mbaya", asingeliona. Ndiyo maana nasisitiza neno *hasa* kwenye swali la tatu. "Sikuwa na muda" si jibu. Muda ulikwenda wapi?

Kila mwezi, ongeza nusu saa ya hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichowekwa, na mstari unaoonesha jumla iko wapi ukilinganisha na ilipotakiwa kuwa. Kila robo mwaka ndipo unaposhika malengo yenyewe na kuuliza kama bado ni yako. Usifanye hivyo kila wiki. Ukiliuliza lengo kila Jumapili kama linastahili kuishi, iko Jumapili utakuwa umechoka na utaliua bila kosa.

Kila mara naanza vizuri, wiki ya pili naacha. Tatizo ni mimi?

Mara nyingi tatizo ni kwamba umeamua *nini* bila kuamua *lini na wapi*. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na mwenzake waliwapa wanafunzi nchini Ujerumani kazi ya kuandika ripoti ndani ya siku mbili baada ya mkesha wa Krismasi. Wale walioandika mapema wataifanya saa ngapi na mahali gani, karibu robo tatu waliimaliza. Wale walionuia tu, ni kama theluthi. Kwa hiyo usiandike "nitasoma zaidi". Andika: "Nikishaosha vyombo vya usiku, nakaa mezani na kitabu cha uhasibu mpaka saa nne."

Na usiamini kuwa tabia hukaa mwilini kwa siku 21. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta wastani ni siku 66, huku wengine wakichukua 18 na wengine ikikadiriwa hadi 254, kutegemea mtu na tabia yenyewe. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Mbona kila kitu huchukua muda mrefu kuliko nilivyopanga?

Kwa sababu tunapokadiria tunaona kazi ikienda vizuri mwanzo mpaka mwisho. Wanafunzi nchini Kanada walioulizwa watamaliza tasnifu zao lini walitaja wastani wa siku 34. Walimaliza kwa siku 55 hivi. Dawa ni kutouliza "hii itachukua muda gani?" Uliza "mara ya mwisho ilipofanywa, na mimi au na jirani, ilichukua muda gani?" Kama jirani alipaua kwa miaka miwili, na kipato chenu kinafanana, usijiandikie miezi minane.

Michango ya harusi na misiba inanimaliza. Niikatae?

Hapana. Anayekataa kuchangia leo atazika peke yake kesho, na mimi simshauri mtu ajitenge na watu wake kwa ajili ya lengo. Lakini acha kuita dharura kitu kinachotokea kila mwaka. Fungua ujumbe wa miamala kwenye simu yako, jumlisha ulichotuma kwa kamati za harusi, rambirambi na wagonjwa kwa miezi 12, gawanya kwa 12. Hilo ni fungu lako la michango, liingize kwenye mpango pamoja na kodi na unga. Fungu likiisha mwezi huo, unajua cha kusema: "Ndugu yangu, nimeandika ahadi, nitaitimiza mwezi ujao." Watu wengi hupokea ahadi yenye tarehe.

Nimwambie mtu malengo yangu?

Mwambie mtu mmoja au wawili watakaokuuliza umefikia wapi. Wenza wanaoishi pamoja wakae pamoja kwenye ukaguzi wa mwezi, hata kama ule wa wiki kila mtu anafanya wake. Wengine wote wataona matokeo.

Nitajuaje wakati wa kuacha lengo?

Tofautisha shabaha na njia. Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa kijana mdogo, akapata shaba ya Olimpiki 2004 na fedha 2008. Mwaka 2012 alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki. Angeweza kung'ang'ania uwanjani. Alihamia barabarani, akashinda marathoni yake ya kwanza Hamburg mwaka 2013, na dhahabu ya Olimpiki ikaja Rio 2016. Na hata huko, Monza mwaka 2017 alikosa kushuka chini ya saa mbili kwa sekunde 25. Safari hii hakubadili lengo, alirudi mazoezini, akalipata Vienna Oktoba 2019 kwa 1:59:40.

Kwa hiyo siku ya ukaguzi wa robo, jiulize: kama ningekuwa sijaanza, nikijua ninayoyajua leo, ningelichagua tena? Ukijibu ndiyo, badilisha njia au tarehe. Ukijibu hapana kwa robo mbili mfululizo, lifunge kwa heshima: andika tarehe, sababu, na pesa iliyokusanywa inakwenda lengo gani. Lisiachwe likining'inia.

Nisubiri Januari ili nianze?

Mwanzo wa mwaka, wa mwezi, hata siku ya kuzaliwa, humpa mtu nguvu ya kuanza. Lakini kwa mwenye watoto shuleni, Januari ndio mwezi wenye presha kuliko yote. Anza mwanzo wa mwezi wowote ambao mfuko wako una nafasi ya kupumua. Julai ni mzuri, unakupa miezi sita kabla ya ada.

Nimepitisha miezi miwili bila kufungua daftari. Nianze upya?

Usianze upya, na usinunue daftari jipya. Geuza ukurasa, andika tarehe ya leo, ruka wiki zote zilizopita bila kuzijaza. Hesabu kilichopo: pesa ni kiasi gani, kazi imefika wapi. Sogeza tarehe ya mwisho kama inabidi, kisha chagua hatua moja ya wiki hii iwe ndogo kuliko kawaida yako, mradi uwe umeimaliza kabla ya ukaguzi ujao.